Shajara ya mradi: siku 90 za kumaliza viroboto katika nyumba yenye mbwa mmoja na paka wawili

Kabla ya kuanza

Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, sebule yenye zulia lililotandazwa ukuta kwa ukuta, korido ya vigae na baraza ya nyuma. Wanyama ni mbwa mmoja wa kilo 18 na paka wawili, mkubwa kilo 4.2 na mdogo kilo 3.1, wanaotoka na kuingia watakavyo. Mbwa anajing'ata kiunoni mpaka manyoya yamenyonyoka, na watu wanaumwa vifundoni. Kabla ya mradi huu mbwa alishaogeshwa mara mbili kwa shampuu ya viroboto na sebule ikapulizwa dawa mara moja. Kila mara wiki ilipita, mambo yakarudi palepale.

Si ajabu. Kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis, ndiye huyohuyo anayemsumbua mbwa. Jike huanza kutaga siku moja au mbili baada ya mlo wake wa kwanza wa damu, na akishashika kasi hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Hudondoka popote mnyama anapolala au kujikuna. Madaktari wa mifugo hutumia sana mwongozo huu: katika kila viroboto 100 wa hatua zote, watano tu ndio wakubwa walio juu ya mnyama, 50 ni mayai, 35 mabuu na 10 pupa, yaani walio ndani ya kifukofuko wakigeuka kuwa wakubwa. Hao 95 wako zuliani na vitandani. Shampuu inashughulika na wale watano, tena kwa siku moja.

Ndiyo maana mradi umepewa siku 90. Atakayetaka matokeo ya wikendi moja atabaki anazunguka na chupa ya dawa mwaka mzima.

Siku ya 0: kupima

Vipimo ni viwili na vitarudiwa vilevile hadi mwisho, ili tarakimu ziweze kulinganishwa.

Cha kwanza ni kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, dakika 5 kwa kila mnyama. Kwa mbwa, mkazo ni kiunoni, shina la mkia na ndani ya mapaja. Kwa paka, shingoni, chini ya kidevu na juu ya mkia. Pembeni kuna bakuli la maji ya uvuguvugu lenye matone matatu ya sabuni ya vyombo. Sabuni si mapambo: kwenye maji matupu kiroboto huelea, akajipanga, akaruka tena. Sabuni inauvunja utando wa juu ya maji naye anazama.

Cha pili ni soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Mtu anatembea taratibu kila chumba kwa dakika 5 akiburuta miguu, kisha anahesabu waliorukia.

Kitana: mbwa 23, paka mkubwa 4, paka mdogo 0. Soksi: sebule 17, chumba kikubwa 6, cha watoto 2. Chumba cha wageni kimefungwa, hakikupimwa.

Sifuri ya paka mdogo haikukubaliwa hivihivi. Paka hujilamba kutwa na kuwameza viroboto kabla kitana hakijawafikia. Vumbi jeusi lililotoka shingoni mwake lilikung'utwa juu ya karatasi ya jikoni nyeupe iliyoloweshwa. Baada ya nusu dakika kila chembe ilizungukwa na duara dogo la rangi ya kutu. Uchafu wa kawaida hubaki mweusi. Kinyesi cha kiroboto ni damu iliyokauka, kwa hiyo huyeyuka na kuwa chekundu. Anao.

Siku ya 1: dawa kwa wanyama wote, siku moja

Ukimtibu mbwa leo na paka wiki ijayo, umewahamisha viroboto, hukuwaua.

Mbwa amepewa kidonge cha kutafuna chenye afoksolana, cha kila mwezi, pamoja na chakula. Kundi hili la dawa halifai kutolewa bila ushauri wa daktari kwa mbwa mwenye historia ya kifafa, kwa hiyo hilo liliulizwa kwanza. Paka wamewekewa matone ya selamektini. Kifuko cha miligramu 45 ni cha paka wa kilo 2.6 hadi 7.5, hivyo kila mmoja amepata chake kizima. Uzito ulipatikana kwa kupanda kwenye mizani umembeba paka, kisha kutoa uzito wako. Kukisia kwa macho kunaishia kwenye dozi pungufu.

Hapa kuna makosa mawili ambayo hayana nafasi ya kurekebishwa. La kwanza ni kugawa dawa ya mbwa kwa paka ili kubana matumizi. Hata selamektini yenyewe, ile ya mbwa ni ya asilimia 12 na ya paka ni asilimia 6. La pili ndilo linaloua: matone ya mbwa yenye permetrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo, na dawa hizo za mbwa huwa zimekolezwa sana. Paka huanza kutetemeka masikio na ngozi, kudondosha mate, kisha kupata degedege. Hata kumlalia mbwa aliyetoka kupakwa kunatosha. Ikitokea, paka aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, na pakiti ya dawa ibebwe. Nyumba yenye paka isiwe na dawa hiyo kabisa. Kusema "tutawatenganisha" ni rahisi mchana kuliko usiku wa manane.

Tumekataa pia mafuta ya mti wa chai na vitunguu saumu kwenye chakula. Cha kwanza ni sumu kwa paka hata kikipakwa tu juu ya ngozi; cha pili huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na kiroboto hajali.

Jioni: matandiko yote ya wanyama, mashuka na vifuniko vya mito ya kochi vimefuliwa kwa maji ya nyuzi 60, kisha vikakaushwa kwa joto kali. Namna ya kuvibeba ina maana kuliko sabuni. Kingo zinakunjwa kwenda ndani, linabaki furushi, linaingia kwenye mfuko papo hapo. Ukikung'uta blanketi korido nzima, umepanda mbegu.

Siku ya 2: zulia

Kwanza kifyonza vumbi, dawa baadaye. Zulia limepitiwa pande mbili zinazokatana, taratibu, kisha pembezoni mwa kuta, chini ya kochi, katikati ya mito na kwenye nyufa za mbao. Buu wa kiroboto huchukia mwanga na huzama chini kwenye shina la nyuzi, akajikunja na kushikilia, kwa hiyo kifyonza vumbi hakimpati kila buu. Kinachopata vizuri ni mayai, kinyesi ambacho ndicho chakula cha mabuu, na mtikisiko wake unawaamsha pupa. Huo mtikisiko utakuwa na kazi baadaye.

Mfuko wa vumbi umefungwa ndani ya plastiki na kutolewa nje mara moja. Kuna ushauri unaozunguka wa kuweka kola ya viroboto ndani ya mfuko huo. Usifanye, kwani hewa moto inayotoka kwenye mashine itaisambaza sumu chumba kizima.

Kisha dawa ya kupuliza yenye piriproksifeni, isiyo na kiuaji cha wadudu wakubwa. Inaiga homoni ya ujana ya mdudu: yai halianguliwi, buu hafiki utu uzima. Wakubwa tumewaachia wanyama wenyewe, ambao sasa wana dawa mwilini. Uamuzi huu haupendwi na wengi kwa kuwa hakuna anayeonekana akifa siku hiyo, ila unaepusha kujaza nyumba ya paka viuaji vya jamii ya permetrini. Piriproksifeni hustahimili mwanga kuliko methopreni, dawa nyingine ya namna hiyo, ambayo huharibika haraka pale jua linapopiga, na dirisha la sebule ni pana.

Wanyama na watu nje mpaka zulia likauke, madirisha wazi. Mwenye tangi la samaki alitoe, au alifunike na kuzima pampu ya hewa, maana pampu huvuta mvuke wa dawa hadi majini.

Bomu la moshi wa dawa halikutumika. Linapanda juu na kutua juu ya meza, wakati mabuu wako chini ya kochi.

Siku ya 4

Kitana: mbwa 3 (wote wamelegea), paka 1 na 0. Soksi sebuleni: 12.

Kilichosahaulika kimepatikana. Paka mdogo hulala juu ya kapu la nguo chafu nyuma ya mlango wa bafu, na kapu hilo halikuwa kwenye orodha. Chini yake, kwenye mshono wa sakafu, palikuwa na kitu kama chumvi iliyochanganyika na pilipili manga: mayai meupe ya nusu milimita na punje za kinyesi cheusi. Katikati yake vinyuzi vya milimita 3 au 4, vyeupe, vyenye mstari wa kahawia ndani, vikijinyonganyonga kuukimbia mwanga wa tochi. Mstari huo ni damu waliyokula.

Kapu limeoshwa, sakafu imefyonzwa na kupulizwa. Kila mnyama sasa ana ramani yake ya sehemu anazolala, imeandikwa na kubandikwa jikoni: mbwa ana tano, paka mkubwa saba, mdogo tisa.

Siku ya 6: mkojo kwenye kochi

Paka mkubwa amekojoa kwenye mto wa kochi. Hii si kiburi. Ndani ya siku tano kila kitu chenye harufu yake kilifuliwa kwa kilainishi cha nguo chenye marashi, samani zikasogezwa, kifyonza vumbi kikapiga kelele kila siku, na trei moja ya mchanga wa choo cha paka ikahamishiwa karibu na mashine ya kufulia.

Usafishaji: kukandamiza kwa taulo kavu mpaka lisinywe tena (kusugua kunaushusha mkojo chini zaidi), kuosha kwa maji baridi, kisha kisafishaji chenye vimeng'enya. Kilimwagwa cha kutosha kufika kina kilekile mkojo ulikofika, kikafunikwa na plastiki kisikauke haraka, kikaachwa kwa muda wa kwenye chupa na kuanikwa. Kinachoharibu kazi ni kupaka juujuu tu: harufu inaondoka kwa pua ya mtu, ya paka inabaki.

Dawa ya klorini isiguse mkojo. Mkojo una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa gesi inayokaba koo. Visafishaji vya amonia navyo vinanukia kama choo kwa paka, ni sawa na kumwekea kibao.

Marekebisho: trei tatu badala ya mbili (idadi ya paka jumlisha moja), kila moja mahali pake, mbali na mashine, mchanga usio na marashi. Kilainishi cha nguo kimeachwa. Kitambaa safi kimepitishwa mashavuni mwa paka kisha kikasuguliwa kwenye pembe za kochi na miguu ya meza, kwa kimo cha kichwa chake, ili nyumba inukie kama yake tena. Ufyonzaji sasa unafanyika saa ileile kila siku, paka wakiwa nje au chumba kingine na chakula chao.

Siku ya 9

Kitana: mbwa 1, paka 0 na 0. Soksi sebuleni: 5. Trei zote tatu zinatumika.

Siku ya 14

Soksi sebuleni: 2. Hapa ndipo watu huacha.

Siku ya 19 hadi 23: wamerudi

Soksi sebuleni siku ya 19: 9. Siku ya 21: 14. Mbwa ana 4 kwenye kitana, wepesi, weusi na wadogo.

Dawa haijashindwa. Hawa ni wale waliokuwa tayari pupa siku ya 2. Buu aliyeshiba husokota kifukofuko cha hariri chenye kunata, vumbi na nyuzi za zulia vikajishika juu yake hadi kikafanana na uchafu wa kawaida. Dawa ya kupuliza haipenyi humo, wala homoni ya kuiga haimhusu tena. Ndani yake kiroboto kamili anaweza kukaa akisubiri kwa miezi, hadi mitano hivi, mpaka asikie dalili za mwili ulio hai: joto, mtikisiko, mgandamizo, pumzi. Akizisikia, anatoka kwa sekunde chache.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia muda ambao kiroboto anabaki juu ya mnyama. Wanne wa mbwa walipatikana saa mbili baada ya kutoka sebuleni; kesho yake asubuhi, kabla mbwa hajaingia humo, kitana kilitoka kitupu. Maana yake wanaruka, wanauma, wanakufa kabla ya kutaga. Kama asubuhi ile wangekuwepo wengi na hai, ndipo pa kushuku dozi au uwekaji.

Kisichofanyika siku hizi: kuongeza dozi, kubadilisha dawa katikati ya mwezi, kumfungia mbwa nje. La mwisho linashawishi lakini linaharibu mpango. Mnyama mwenye dawa ndiye mtego unaotembea. Akiondolewa, pupa wanasubiri, na wanaotoka wanawafuata watu. Acha wanyama wapite kila chumba kama kawaida, na kifyonza vumbi kiendelee kila siku ili kuwaamsha wengi mapema.

Bakuli la maji ya sabuni chini ya taa usiku lilinasa 6 kwa siku tatu. Linafaa kwa kuhesabu, si kwa kumaliza.

Siku ya 26

Kwenye manyoya ya nyuma ya paka mdogo kuna vipande viwili kama punje za mchele. Kimoja bado kinajongea. Ni pingili za tegu aina ya Dipylidium caninum. Buu wa kiroboto hula mayai ya tegu, paka anajilamba na kummeza kiroboto aliyekwishakua, tegu anakua tumboni. Paka wote wawili na mbwa wamepewa prazikwanteli kwa uzito wao. Dawa hiyo inawaondoa waliomo leo, haina kinga ya kesho: mnyama akimmeza kiroboto mwingine, baada ya wiki tatu hivi pingili zitaonekana tena. Dawa ya minyoo isiyo na kiungo hiki, ile ya minyoo ya mviringo pekee, haimgusi tegu huyu.

Siku ya 31: dozi ya pili

Kidonge cha mbwa hakuna tatizo. Matone ya paka mkubwa yalikwenda vibaya: manyoya hayakuachanishwa, dawa ikaganda juu yake kama gundi, na paka akajilamba ubavuni akatoa povu mdomoni. Povu lilitokana na uchungu wa dawa. Alipewa maji na likaisha kwa dakika chache. Sehemu kubwa haikufika kwenye ngozi. Daktari alipigiwa kabla ya kurudia. Uamuzi wa kuongeza kifuko kingine si wa kujifanyia.

Njia sahihi, kwa watu wawili: mmoja anamshika paka akiwa ameketi juu ya taulo, mwingine anaachanisha manyoya kwenye shina la shingo kwa nyuma, mbele ya mifupa ya mabega, hadi mstari wa ngozi uonekane. Ncha ya kifuko inagusa ngozi. Kinaminywa chote pale pale, kinaondolewa kikiwa bado kimeminywa kisivute dawa ndani tena. Paka akipapatika, subiri. Paka hao wawili wasilambane mpaka pakauke.

Siku ya 40

Kitana: 0, 0, 0. Soksi sebuleni: 3. Ufyonzaji umepunguzwa kuwa siku moja ndiyo, moja hapana.

Baraza imeshughulikiwa. Uwanja ulio wazi hauhitaji dawa, kwani jua na ukavu huwaua mabuu. Wanahitaji kivuli na unyevu. Kwa hiyo kazi ilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya mapipa na pale mbwa alipochimba shimo la kulalia. Majani makavu yameondolewa, magunia ya zamani yametupwa, upenyo chini ya ngazi umezibwa kwa wavu ili wanyama wa nje wasiufanye malazi.

Siku ya 60: chumba cha wageni

Dozi ya tatu imetolewa, safari hii bila vurugu. Soksi sebuleni 0 kwa vipimo viwili mfululizo.

Ndipo chumba cha wageni kikafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu siku ya 0. Soksi: 11 ndani ya dakika mbili.

Kosa ni la mpango, si la dawa. Chumba kilifungwa kwa kudhani ni kisafi, kumbe paka mkubwa alikuwa akilala humo kabla ya mradi. Hakuna aliyeingia miezi miwili, hakuna mtikisiko, na pupa wakakaa kimya wakisubiri. Ndicho kinachowapata watu wanaorudi safarini na kupokewa mlangoni na kundi lenye njaa. Chumba kimefyonzwa mara mbili kwa siku kwa siku nne, matandiko yamefuliwa, zulia dogo limepulizwa. Mlango sasa unabaki wazi na mbwa anaruhusiwa kulala humo.

Siku ya 67

Chumba cha wageni: 2.

Siku ya 75

Vyumba vyote 0. Kitana 0, 0, 0. Karatasi yenye unyevu: chembe mbili za uchafu kwa mbwa, zimebaki nyeusi. Manyoya ya kiunoni yameota tena.

Siku ya 90

Soksi 0 kwa wiki mbili mfululizo katika vyumba vyote, kitana 0 kwa wote. Dozi ya nne imetolewa, na za kila mwezi zinaendelea, kwa sababu paka bado wanatoka nje. Ufyonzaji ni mara mbili kwa wiki, matandiko kila Jumamosi. Chumba cha wageni kinapimwa tena siku ya 120, na kila pakiwa na mgeni anayekuja, wiki moja kabla yake.